Mgonjwa wa Moyo? Niambie Vali Ipi

"Mgonjwa wa moyo huyu, mpe ketamini, thiopentali itamuua." Nimeambiwa tena juzi kuhusu dawa hizi mbili za kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji, safari hii na kijana aliyetoka chuoni, na jamaa za mgonjwa wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mwanangu, moyo una vali nne, milango ya kupitisha damu upande mmoja tu. Niambie ni ipi, na je, imebana au inavuja?

Thiopentali hulegeza mishipa, damu inayorudi moyoni hupungua, presha hushuka, mapigo hupanda. Hayo mwayajua. Kwa vali ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) iliyobana, hofu yenu ina haki: presha ikianguka, msuli ule mnene wa moyo hukosa damu yake wenyewe. Vali ikiwa inavuja, kulegea kidogo kwa mishipa humfaa mgonjwa. Asichokitaka ni mapigo ya polepole.

Ninalogombana nalo ni mitrali iliyobana, vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ile ya kina mama vijana waliougua homa ya baridi yabisi utotoni. Damu huvuka vali hiyo moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Ni kama abiria wa boti ya Mokowe wakishuka gatini hapa Amu: ngazi ni moja, ukiwapa muda mfupi wengi watabaki botini. Mapigo yakienda mbio, damu hurundikana nyuma na mapafu hujaa maji. Na ketamini hufanya nini? Hukimbiza mapigo! Ndiyo hiyo munayoniletea kama mkombozi.

Hatari kubwa ya thiopentali ni papara ya mwenye sindano. Damu ya mgonjwa huyu huzunguka taratibu, dawa huchelewa kufika ubongoni. Mtu huona hajalala, huongeza, kisha dozi zote mbili humfikia pamoja. Miligramu 3 hadi 5 kwa kilo ni za mtu mzima mwenye afya. Mimi huanza chini ya nusu yake, nikangoja. Na vali moja ikiwa imebana na inavuja pia? Hapo maagizo hupingana. Nafuata tatizo lililo kubwa, na kuna siku sina hakika ni lipi.

Thiopentali ni ya kundi la barbitureti, na barbitureti inayonitisha zaidi ni ya vidonge, tena hakuna anayeniuliza: fenobarbitali ya kifafa kwa mwenye vali ya chuma anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ini huanza kuiteketeza warfarini kwa kasi, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) hushuka, damu huganda kwenye vali. Fenobarbitali ikisitishwa, wiki kadhaa baadaye INR hupanda na mtu hutokwa damu. Ukiianzisha au kuisitisha, pima INR mara kwa mara hadi itulie.