Intani si mwanafunzi jamani: maneno tunayoyasikia wodini na ukweli wake

Wiki iliyopita nimelisikia tena na safari hii nimeamua kuandika, maana nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja kwenye korido saa nane usiku. "Huyo ni mwanafunzi, asimguse mtoto wangu, niitieni daktari." Anayeambiwa hivyo ni intani, daktari aliyemaliza chuo na yuko kwenye mwaka wake wa kwanza wa kazi chini ya wakubwa. Mimi ni daktari wa watoto, miaka mingi sasa niko hospitali ya rufaa huku mashariki mwa Uganda, wagonjwa wetu wanatoka Tororo, Busia, Malaba, wengine wanavuka mpaka toka upande wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha wodini. Hilo neno la mwanafunzi nimelisikia kwa Kiswahili, kwa Luganda, kwa Lumasaba, kwa Ateso, na kila mara anayelisema ana uhakika kabisa anamlinda mgonjwa wake.

"Intani ni mwanafunzi, anajifunzia kwenye mwili wako"

Hapana. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwanafunzi wa udaktari ni yule ambaye bado yuko chuo, anakuja wodini na wenzake kikundi kizima, anakuuliza maswali mengi, anaandika, anaenda kumweleza mwalimu wake, basi, hakuandikii dawa. Intani ameshamaliza. Amesoma miaka 5 Makerere au Mbarara au Gulu au Busitema au chuo kingine, amefaulu mitihani yake, digrii anayo, kiapo ameapa, na baraza la madaktari, lile UMDPC, limemwandikisha kwa muda. Hiyo "kwa muda" ndiyo inayowachanganya watu. Maana yake anaruhusiwa kutibu lakini ndani ya hospitali iliyoidhinishwa tu, na chini ya mkubwa anayewajibika kwa anachofanya. Ni daktari. Kwenye hospitali kubwa mtasikia tukimwita JHO, na yule aliyerudi kusomea ubingwa tunamwita SHO, msichanganyikiwe na hizo herufi, wote wawili ni madaktari. Kwa mwaka mzima intani anazungushwa idara nne, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya akina mama, kila idara kama miezi 3 hivi, na kila mahali kuna mtu wa juu yake anayemwangalia.

Sasa niwaambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Bibi mmoja alileta mjukuu wake usiku, wa miaka miwili, kilo 11, malaria kali, viganja vyeupe kama karatasi, anapumua haraka mpaka mbavu zinaingia ndani. Aliyekuwa zamu ni intani, binti mdogo wa umbo, ukimkuta sokoni utadhani yuko sekondari. Alishampima sukari ya damu ikatoka 2.1, chini mno, alishatuma damu maabara, ameshaandaa kanula, ule mrija mdogo wa kuingiza mshipani, na dripu, anataka kumchoma mtoto. Mjomba wa mtoto akauvuta ule mkono mdogo akaukumbatia kifuani kwake, akasema huyu binti ni wa shule, hatumtaki, tunangoja daktari mkubwa. Nesi akamweleza, hakusikia. Bibi alikuwa analia tu. Wakanipigia simu, nikatoka nyumbani kwa boda, na kutoka ile kanula ilipokataliwa mpaka nafika zilikuwa zimepita dakika arobaini, mtoto keshaanza degedege.

Mnajua nilifanya nini nilipofika? Nilimrudishia kanula yule yule intani. Nikashika mguu wa mtoto na mkono mwingine nikawasha tochi ya simu, binti akachoma mara moja tu, mshipa ule wa juu ya kifundo cha ndani, damu ikarudi, akafunga plasta, akaanza glukosi ya asilimia 10, mililita 55, halafu artesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 33. Mikono haikutetemeka. Majibu ya hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, yakarudi 3.8, kidogo mno, damu ikapatikana, akaongezewa, na siku ya tatu mtoto alikuwa amekaa kitandani anamng'ang'ania bibi yake ampe chapati. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sukari ikiwa chini namna ile ubongo unakufa njaa, na dakika arobaini kwa mtoto kama huyo ni nyingi mno, tena hazikuwa na lazima yoyote.

Kwa nini nilimpa yeye? Kwa sababu anaweka kanula za watoto kila usiku, nyingine kumi kwa zamu moja, na mimi siku hizi wiki inaweza kupita sijaweka hata moja. Kuna kazi ambazo mikono ya intani inazifanya vizuri kuliko ya konsalta, yaani daktari bingwa mkubwa kama mimi, na sioni aibu kulisema. Mimi kazi yangu pale ni nyingine, kuamua damu iende haraka kiasi gani, kujua kama ile pumzi ni malaria peke yake au kuna nimonia pia, kuona hatari inayokuja saa mbili mbele. Mtoto anatuhitaji wote wawili, na anayefika kitandani kwanza ni yeye.

Halafu kuna jambo wengi hawalifikirii kabisa. Mwakani huyo binti yuko wapi? Anamaliza intani, anapata kazi ya medikal ofisa, daktari kamili ambaye bado hajasomea ubingwa, na huenda akapelekwa health centre four, kituo cha afya cha ngazi ya nne, huko ndani ambako daktari mara nyingi ni mmoja tu, kuna theata, na usiku analetwa mama aliyekwama uchungu tangu asubuhi. Hapo hakuna wa kumpigia simu aje na boda. Operesheni ni yeye na nesi na mtu wa usingizi kama yupo. Kwa hiyo ile miezi 3 ya idara ya uzazi, ambapo anapasua huku mtu wa juu amesimama upande wa pili wa meza anamwambia hapa ndipo, hapa kibofu kiko karibu, punguza mkono, ndiyo nafasi aliyo nayo ya kujifunza hivyo na mtu pembeni. Ukimkataza leo, mimi nikiwa umbali wa simu moja, unampeleka kwa binti yako wa kijijini akiwa peke yake na mikono haijazoea. Hili ndilo nataka watu walielewe hata kama mengine yote hapa chini mtayaruka.

Sisemi mkubali kila kitu kimya kimya. Haki unayo, ule mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya upo toka 2009, na haki mojawapo ni kujua anayekutibu ni nani. Basi muulize: musawo (yaani daktari), unaitwa nani, cheo chako ni nini, mkubwa wako leo zamu ni nani? Intani aliyelelewa vizuri atakujibu yote matatu bila kununa. Na kama jibu la tatu ni kwamba mkubwa hapatikani usiku kucha, hapo una malalamiko ya kweli kabisa na mimi niko upande wako, lakini yapeleke kwa uongozi wa hospitali asubuhi, usimkemee huyu ambaye hakukimbia, amekaa.

"Akipiga simu kwa mkubwa basi hajui kitu"

Hili linasemwa na wagonjwa na, cha kusikitisha zaidi, intani wenyewe wanaliamini. Wanaogopa kutuamsha. Wanaogopa tutasema kwani chuo ulisoma nini. Na wako wakubwa wanaosema hivyo kweli, najua, nilipokuwa intani niliwahi kukatiwa simu usiku nikabaki na mgonjwa ananiangalia, sijasahau mpaka leo. Kwa hiyo kwangu sheria ni moja, bora uniamshe mara tatu bure kuliko kuninyima usingizi wa maisha yangu yote kwa sababu ya mtoto mmoja. Kujua wakati wa kuita ndiyo kazi yenyewe ya huu mwaka, dawa wamezisoma chuo tayari. Kabla hujapiga andika kwenye kidaftari: umri, uzito, anapumuaje, ana fahamu au hana, umeshafanya nini, na unataka mimi nifanye nini. Uzito, uzito, uzito, nisikuulize uzito ukaniambia ngoja nikapime. Ukishayaandika hayo, mara nyingi nusu ya jibu utakuwa umeshaliona kabla sijapokea.

Wewe mzazi ukiona intani ametoka pembeni anaongea na simu, jua mtoto wako ameshapata daktari wa pili.

"Daktari gani anafungua kitabu mbele ya mgonjwa"

Daktari mzuri. Artesuneti ile ya sindano, mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, aliyezidi hapo anapewa 2.4, sasa unataka akisie saa tisa usiku baada ya kukesha? Kile kitabu cha mwongozo wa matibabu cha Wizara, Uganda Clinical Guidelines, kimeandikwa ili kifunguliwe. Mimi pia nakifungua.

"Miaka mitano imeisha, kwa nini bado hajafungua kliniki"

Hii ni ya wazazi wa intani wenyewe, wameuza ng'ombe wamelipa karo, naielewa haraka yao. Lakini mzee, sheria hairuhusu. Bila kumaliza idara zote nne na wakubwa wake wakatia sahihi kwamba anafaa, baraza halimwandikishi kikamilifu, na bila hiyo hapati ile leseni ya kila mwaka, na bila leseni akifungua kliniki anavunja sheria. Asipofanya vizuri idara moja anaweza kuambiwa airudie. Mwacheni amalize.

"Jipii ni yule aliyeshindwa kuwa bingwa"

Hapa watu wanachanganya nchi mbili. Kwetu Uganda tumezoea kumwita jipii (GP, daktari wa magonjwa ya jumla) daktari yeyote aliyemaliza intani na hajasomea ubingwa. Uingereza sivyo, kule baada ya chuo daktari anafanya miaka 2 ya msingi halafu anaingia mafunzo ya ujipii yenyewe, miaka 3, na mwaka wa mwisho yuko kwenye kliniki ya mtaani kama rejistra, daktari aliye bado mafunzoni, ana wagonjwa wake mwenyewe, mkufunzi yuko chumba cha pili, na lazima apite mitihani ya ujipii, ile MRCGP, ndipo apewe cheti. Kwa hiyo kijana anayeniambia dokta nimemaliza intani, nikifika London mimi ni jipii, namwambia hapana, kuna PLAB kwanza, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, kuna kuandikishwa kule, halafu kuna hiyo miaka yote. Na hapa nyumbani pia ubingwa wa tiba ya familia upo, Makerere na Mbarara wanaufundisha, miaka 3 ya masta kama ubingwa mwingine. Anayeweza kumtibu bibi mwenye presha, mjukuu mwenye kifafa na mama mwenye mimba katika asubuhi moja hajashindwa kitu, nawaombeni hilo msilirudie mbele yangu.

"Hao wanalipwa hela nyingi, wanaringa tu wakigoma"

Ni posho, siyo mshahara. Mwaka 2021 waligoma, Rais akaagiza wapewe milioni 2.5 kwa mwezi, 2023 ikashushwa mpaka milioni 1, na posho yenyewe huchelewa. Wengine wanakaa nyumbani miezi na digrii mkononi wakingoja kupangiwa hospitali. Nimeona intani anakula mara moja kwa siku wodini kwangu, zamu ya saa ishirini na nne. Kama unaona amekaa kimya hacheki na wewe, pengine ni njaa.

"Kila mwenye koti jeupe ni daktari"

Siyo, soma kile kibandiko cha jina au uliza. Klinikal ofisa ana diploma na anaandikishwa na baraza lake lingine, tofauti na letu, lakini kwa kazi nyingi za kila siku ni mtu wa kutegemewa, na health centre three mara nyingi ndiye mkuu wa kituo. Kwa malaria ya kawaida hakuna haja ya kumpita ukapanda taksi mpaka kwangu, anaijua. Ila mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akizubaa haamki, hapo mwambie ampe dozi ya kwanza ya malaria kali pale pale halafu njoo moja kwa moja na karatasi ya rufaa. Ukimkuta intani mlangoni, mpe mtoto.