Kabla ya kumpandisha mbwa wako

Simu huja usiku. "Daktari, mbwa amezaa saba. Wawili wamekufa, na huyu wa tatu halii tena." Nikiuliza wamelala juu ya nini, jibu ni lile lile: gunia juu ya saruji. Nikiuliza mama yao alichanjwa lini, simu inanyamaza.

Natibu mifugo hapa Jinja, Uganda, upande wa Walukuba. Zamani kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe na kuku. Siku hizi mbwa wameongezeka sana, kwa sababu kila nyumba mpya yenye geti inataka Jamani Shepadi, na mwenye jike ameona riziki. Simlaumu. Ninachomwomba ni aje kwangu miezi mitatu mapema, jike lake bado halijaonana na dume.

Wengi hupandisha mbwa mara tu anaposhika joto kwa mara ya kwanza, pengine ana miezi minane. Huyo bado ni mtoto, mifupa yake haijakomaa. Mimi nasubiri hadi afikishe karibu miaka miwili, na kwa Shepadi nina sababu nyingine: nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, na tatizo hilo hurithiwa. Mbwa anaweza kukimbia uwanjani bila dalili yoyote, kumbe amebeba ubovu atakaowaachia watoto. Eksirei ya nyonga, kwa dume na kwa jike, ndiyo itakayokuonyesha. Ni ghali, najua. Lakini aliyenunua mtoto kwako kwa pesa nyingi, akamwona anashindwa kuinuka akiwa na miaka minne, amepoteza zaidi.

Halafu uliza dume limetoka wapi. Mjini kwetu mbegu ni chache, na mara nyingi dume la jirani ni kaka wa jike lako, mama mmoja baba mmoja. Ukiwapandisha hao, ubovu uliojificha kwa babu na bibi unapata nafasi ya kukutana kwa mtoto mmoja kutoka pande zote mbili.

Mkague dume kwa macho yako pia. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakati wa kupandana, seli zenyewe za saratani zikihama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nauona mara kwa mara kwa mbwa wanaozurura: kinyama chekundu kama koliflawa, damu inayodondoka wakati jike hayuko kwenye joto. Unatibika kwa sindano za vinkristini kila wiki, lakini asipandishwe hadi apone kabisa. Omba na kipimo cha bruselosi, maana hiyo huharibu mimba na binadamu pia huambukizwa.

Chanjo ya mama ikamilike kabla ya mimba. Kinga ya mtoto hutoka karibu yote kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake hupokea kinga hiyo siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mlango umefungwa. Mama asiye na kinga ya pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hana cha kuwapa, na kirusi cha pavo hukaa kwenye udongo wa uwanja miezi mingi, hata mwaka.

Mimba ni siku 63 hivi. Chakula chetu cha kawaida, posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa), hakimtoshi katika wiki tatu za mwisho. Mwongezee mayai, nyama, maini kidogo, na umlishe mara nyingi kwa kiasi kidogo kidogo kwa sababu tumbo limejaa watoto. Posho yenye ukungu usimpe kabisa, sumu yake huua ini.

Kosa moja hufanywa na watu wenye upendo mwingi: kumpa mbwa mwenye mimba dawa ya kalsiamu. Mwili wa mama una tezi zinazochota kalsiamu kutoka kwenye mifupa inapohitajika. Ukimjaza kalsiamu miezi miwili, tezi hizo hulala. Watoto wakifika wiki ya pili au ya tatu, maziwa yanatoka kwa wingi na tezi haziamki kwa wakati, damu ya mama inapungukiwa kalsiamu. Mama mmoja wa Bugembe aliniletea jike lake likiwa limekakamaa miguu, linatetemeka, linahema kama limekimbizwa. Yeye alidhani ni kichaa cha mbwa, na majirani walikuwa wamemwambia alipige risasi. Nilimtia mbwa huyo kalsiamu kwenye mshipa polepole, nikisikiliza moyo wake wakati wote, kwa sababu ukiharakisha moyo husimama. Kabla sijamaliza chupa kutetemeka kuliisha. Ukiona hivyo usisubiri asubuhi, na watoto uwatenge na mama mara moja.

Kuzaa kukikaribia, joto la mama hushuka chini ya nyuzi 37 siku moja hivi kabla. Piga simu akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza.

Sasa turudi kwenye lile gunia. Mtoto wa mbwa wiki ya kwanza hawezi kutetemeka ili apate joto. Usiku wa mvua Jinja ni baridi, na saruji humnyonya joto hadi anakuwa wa baridi mkononi. Hapo watu humkimbizia maziwa. Tafadhali, usimnyweshe mtoto aliyepoa! Tumbo lake limesimama, maziwa yatachacha humo au yataingia mapafuni. Mpashe joto kwanza, taratibu, kifuani mwako chini ya shati, kwa saa moja au zaidi. Ndani ya sanduku weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande mmoja tu ili watoto waweze kusogea. Sigiri ya makaa chumbani usiweke, moshi wake huua watoto na mama, na wewe pia. Pima uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka siku mbili ana shida, hata kama ananyonya.

Tandiko ulilolianika nje lipige pasi. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Nimewahi kukamua zaidi ya 20 kwa mtoto mmoja. Dawa ya minyoo wape wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, pamoja na mama yao, kwa sababu minyoo hupita kwenye kondo na kwenye maziwa, na mabuu yake yanaweza kuingia jichoni mwa mtoto wako.

Wanunuzi huanza kufika wiki ya tano, wakati watoto wanapendeza kuliko wakati wowote. Kataa. Tangu wiki ya tatu wanajifunza kwa ndugu zao kwamba kung'ata kunaumiza, na kwa mama yao kwamba si kila kitu ni chao. Aliyeondolewa mapema hukua mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa jirani. Katika wiki hizo wazoeshe sauti ya boda, mvua kwenye mabati, watoto wa shule, mwanamke aliyejifunika, mzee mwenye fimbo.

Wakitimiza wiki 8, wana chanjo ya kwanza na kadi iliyoandikwa tarehe za zinazofuata, hadi wiki 16, pamoja na ya kichaa cha mbwa kwenye miezi mitatu. Hapo mtoto anaweza kwenda. Mimi humkatia mnunuzi kipande cha tandiko lenye harufu ya mama, aende nacho, amwekee mahali atakapolala usiku ule wa kwanza.