Hong Myung-bo si kocha wa Kombe la Dunia 2014 pekee

Wengi humkumbuka Hong Myung-bo wa Korea Kusini kwa mambo mawili: penalti aliyofunga ilipong'olewa Hispania kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2002, kisha aibu ya Kombe la Dunia 2014 kule Brazil, akiwa kocha wa timu ya taifa. Basi husema: beki hodari, kocha hamna kitu.

Brazil kweli ilikuwa mbaya. Sare na Urusi, kipigo cha 4-2 kutoka kwa Algeria, kufungwa na Ubelgiji, akajiuzulu. Lakini miaka miwili kabla, kwenye Olimpiki ya London 2012, vijana wake waliichapa Japani 2-0 wakatwaa shaba, medali ya kwanza ya Korea Kusini katika soka la Olimpiki. Kwa Mkorea medali hiyo ni zaidi ya chuma shingoni: humwondolea mchezaji mzigo wa utumishi kamili wa jeshi.

Halafu kuna Ulsan, klabu ya Korea Kusini iliyokuwa haijabeba ligi tangu 2005. Hong akaipa ubingwa 2022, akarudia 2023. Mwaka 2024 akakabidhiwa tena timu ya taifa, na kelele zikaanza upya.