Waasi wa 1536 hawakutaka kumng'oa Henry VIII
Watu wakimaliza riwaya za enzi za Tudor (ukoo uliotawala Uingereza) wanabaki wanadhani waasi wa 1536 walitaka kumpindua mfalme Henry VIII, hapana jamani. Wale wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, chini ya wakili Robert Aske walikuwa wanaapa kabisa utii kwa mfalme, shida yao ilikuwa waziri wake Thomas Cromwell na kufungwa kwa nyumba za watawa, ambazo ndo zilikuwa zinasaidia maskini kule kaskazini. Walifika kama 30,000 pale Doncaster, jeshi la mfalme lilikuwa dogo kuliko lao, ila wakapewa ahadi ya msamaha na ya kuitishiwa bunge, wakatawanyika (hapo ndo walijimaliza, kwa maoni yangu). Aske hadi akaalikwa Krismasi kwa mfalme, lakini Julai 1537 akanyongwa York.