Je, wajua kwa nini bakshishi Dar huitwa "ya soda"?

Jumamosi asubuhi, soko la samaki Feri. Kijana amemaliza kupaa changu wangu wanne, kawatoa matumbo, kawasuuza na kuwafunga. Tulishapatana elfu mbili. Nikampa elfu tatu, akaanza kupapasa mfukoni atafute chenji. "Hiyo ya soda," nikamwambia. Akaikunja noti bila kuitazama tena. "Shukrani, dada."

Sote wawili tulijua kwamba hakuna soda itakayonunuliwa. Mbona basi hatusemi bakshishi? Neno lipo, tena la zamani, asili yake Kiajemi. Shida ni kwamba ukimtamkia mtu usoni, linamkumbusha nani anacho na nani hana. Soda ni kinywaji, na kinywaji hukaribishwa mgeni. Anayekaribishwa hajaomba wala hajahurumiwa. "Ya maji" na "ya vocha" zinafanya kazi hiyohiyo ya kumsitiri anayepokea.

"Ya chai" mimi huikwepa, maana ndilo jina la rushwa pia, na rushwa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Yule kijana wa Feri alishamaliza kazi, hakuomba kitu, na samaki wangu wangepaliwa hata kama nisingeongeza shilingi. Karani anayeuliza "chai je?" huku muhuri ameushika anauza haki yako mwenyewe. Vitu viwili hivi visichanganywe hata kidogo.

Kuna sehemu hatutoi kabisa. Kwenye daladala abiria huidai chenji yake yote. Kwa mama lishe asante hurudi upande wa mteja: "Mama, niongeze mchuzi," naye anaongeza. Muuza nyanya akishapanga fungu lako hutupia moja juu, ndiyo nyongeza. Tumekulia kwenye biashara ambayo muuzaji ndiye anayeshukuru, kwa hiyo mtu wa Dar asiyeacha kitu mezani si lazima awe bahili.

Kwenye taarabu ndiko kificho chote huisha. Mtu huinuka kitini, akacheza taratibu hadi jukwaani, noti ameiinua juu ukumbi mzima uione, ndipo amtunze mwimbaji. Hapo pesa inasema: wimbo huu ni wangu, na aliyelengwa ameshasikia.

Linaloniumiza siku hizi ni malipo ya simu. Ukilipa kwa lipa namba ya mgahawa, na ile elfu uliyoongeza kwa ajili ya mhudumu inaingia kwa mwenye mgahawa. Dada aliyekunawisha mikono na kukuletea ndimu mara mbili huenda asiione. Ndiyo maana bili nailipa kamili kwa simu, kisha namuuliza namba yake, nimrushie yeye mwenyewe.