"Gaidi" wa mfupa ni nani tena?

Swali: Mdogo wangu alianguka na bodaboda huku Moshi, mkono ukaunga upande, hawezi kugeuza kiganja juu hata kupokea chenji. Tumeambiwa kuna upasuaji unapangwa kwenye kompyuta. Ndo inakata yenyewe?

Hapana jamani, anakata daktari. Iko hivi, anapigwa CT scan (picha zinazoonyesha mfupa pande zote) mikono yote miwili, maana eksirei ni picha bapa, mfupa ukijipinda huku umejizungusha haikuonyeshi vizuri umezunguka kiasi gani. Programu inauchora mfupa wa mkono usioumia, inaugeuza kama unavyoonekana kwenye kioo, inaulaza juu ya mbovu, hapo daktari anaona akate wapi na azungushe kiasi gani, akikosea anafuta anaanza upya na hakuna aliyetoka damu.

Swali: Na huyo "gaidi" je?

Sio wa kwenye taarifa ya habari 😀 ni "guide" ya Kiingereza, kama wale wanaopandisha wageni Kilimanjaro, anaonyesha njia. Hapa ni kipande cha plastiki ngumu, mara nyingi nailoni, kinatoka kwenye printa ya 3D, kinaenea kiganjani. Chini kimefuata mabonde na vilima vya mfupa wa mgonjwa huyo huyo kwa hiyo kinatakiwa kikae sehemu moja tu, kibane. Juu kina tundu za drili na mwanya mwembamba wa kupitisha msumeno.

Swali: Mtoto wa shangazi yuko Maji ya Chai, ana matege. Atafaa?

Kwanza ijulikane matege yametokana na nini. Ukanda wa Mlima Meru, Arusha, maji mengi yana floridi, madini ambayo yakizidi yanaharibu mifupa, kupita 1.5 mg kwa lita ambayo WHO inashauri, sasa ukimnyoosha miguu halafu akarudi kwenye kisima kile kile umefanya nini? Halafu anayekua bado ana njia nyingine, sio lazima mfupa ukatwe.

Swali: Basi kila mtu adai hicho kipande?

Aa wapi. Mvunjiko mpya wa kawaida hauhitaji, na hata kubadilisha goti tafiti hazijaonyesha faida ya wazi, ni hela na kusubiri tu. Kinalipa kwenye mfupa uliojisokota. Na kina ujanja wake: ikibaki nyama kidogo chini yake kinakaa upande, msumeno unafuata makosa vizuri kabisa, ndo maana daktari mzoefu akiona hakikai anakiweka pembeni. Ila kama CT ni ya mwaka juzi na mtoto amerefuka, hicho hakimfai tena, apigwe nyingine.