Kushoto kwa nani? Kwa nini kumwandaa kijana mwenye usonji kwa kazi humfaidi anayemwandaa

Hapa Busia, upande wa Uganda, ukiuliza anayemfundisha kazi kijana mwenye usonji hupata nini, wengi watakujibu: thawabu. Mimi nilijibu hivyo hivyo wazazi wa kijana mmoja wa miaka 22 waliponiomba nikae naye ghalani kwangu miezi sita, ajifunze kupokea, kupima na kupanga mizigo. Niliamini ninatoa sadaka. Nilikosea, na inafaa nieleze kosa lenyewe kwa kirefu kwa sababu si langu peke yangu.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Si laana, hauambukizi, wala haukomi mtoto akiota ndevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao.

Kosa langu lina historia. Mwaka 1985 watafiti watatu waliofanya kazi London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwaonyesha watoto mchezo wa wanasesere wawili. Wa kwanza anaweka gololi kikapuni na kutoka. Wa pili anaihamishia kwenye kisanduku. Yule wa kwanza akirudi, ataitafuta wapi? Jibu ni kikapuni, kwa maana hakuona ikihamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walikosa. Kuanzia hapo likaenea wazo kwamba mwenye usonji hawezi kuona yaliyo akilini mwa mwenzake. Jaribio hilo hutegemea sana lugha, na wengi wenye usonji, hasa watu wazima, hulifaulu. Lakini wazo lilishatembea mbali kuliko jaribio lenyewe, likanifikia mimi hapa mpakani, nikampokea kijana yule nikidhani pengo lote liko upande wake, na kazi yangu ni kulifukia.

Siku ya tatu nikamwambia, “Nakuja, usiguse mizani,” nikaenda forodhani kufuata karatasi. Niliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita. Lori la mahindi limesimama mlangoni, dereva amefura, na kijana yuko pale pale kando ya mizani.

“Mbona hamkupima?”

“Mzee, ulisema unakuja.”

Kweli nilisema. Kwetu mtu anayeondoka ndiye husema “nakuja”, na anayeachwa anatakiwa ajue mwenyewe kama ni dakika tano au mpaka jioni. Maneno yangu hayakuwa na saa ndani yake. Watu wangu wengine huijaza kwa kubahatisha, na mara nyingi hubahatisha vibaya, ila wao hawakuwahi kuniuliza.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Mimi huliona jambo hili kama saa zetu. Mwambie mgeni kutoka Ulaya, “Njoo saa mbili asubuhi.” Atashangaa, maana kwake saa mbili ni usiku wa manane. Saa yake ni nzima. Ipeleke kwa fundi, hataona kasoro. Yako nayo ni nzima. Tofauti ni mahali pa kuanzia kuhesabu: yeye anaanza katikati ya usiku, wewe unaanza jua likichomoza. Sisi tumezoea kuongeza na kupunguza sita tangu utoto, hata hatujui kwamba tunafanya hesabu. Sasa fikiria mtu anayeifanya hesabu hiyo kwa kila sentensi, kutwa nzima, mahali ambapo hakuna anayemfanyia yeye. Jioni amechoka kuliko mpagazi, na watu wanasema hana ushirikiano.

Ushahidi wa nadharia hii bado unapimwa. Utafiti wa mwaka 2020, wenye watu 72, ulipitisha habari kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Katika minyororo iliyochanganya wenye usonji na wasio nao habari zilipotea zaidi, ilhali minyororo ya wenye usonji peke yao ilizihifadhi sawa na ya wengine. Utafiti mkubwa zaidi, wa watu 311, uliochapishwa mwaka 2025, haukuona tofauti hiyo: hata minyororo iliyochanganyika ilifikisha habari vizuri. Kwa hiyo mfano wangu wa saa usiubebe kama sheria. Lakini katika tafiti zote mbili, wenye usonji walipopashana habari wao kwa wao, hawakuwa nyuma ya wengine.

Faida niliiona mwezi wa pili. Nilikuwa nimeanza kuandika kazi kwa chaki nyuma ya mlango: hesabu, pima, andika, weka kushoto. Akasoma, akauliza, “Kushoto kwa nani, mzee? Kwa anayeingia au kwa anayetoka?” Nikacheka, kisha nikanyamaza. Niliwauliza wapagazi. Wa asubuhi walipanga kwa kushoto kwa anayeingia, wa jioni kwa anayetoka. Miaka mingi tumegombana juu ya magunia “yaliyopotea”, na nimewahi kumkata mtu mshahara kwa ajili hiyo. Nilimtafuta, nikamrudishia.

Si kila kijana atauliza swali kama lile. Hawafanani: mmoja huongea sana, mwingine haongei kabisa, mwingine kelele za mizani zitamfukuza siku ya kwanza, na huyo atahitaji mahali pengine na mtu mwingine. Wala asipokelewe kwa masharti kwamba ainufaishe ghala. Sheria ya Uganda ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake, awe na faida ya ziada au asiwe nayo.

Kijana yule sasa analipwa kama wenzake. Jumatatu nilichukua karatasi zangu, nikasema, “Nakuja.”

“Dakika ngapi, mzee?”

Wapagazi wawili waliokuwa wakishusha mizigo nao walisimama, wakisubiri jibu.